Vidole vya Maeng

Yeongwol, 20 Mei 1986

Mjukuu wangu Myeong-ok,

Hujambo huko maabara? Unakula, au unanusa dawa tu? Mimi mzima, ila goti, na hasira. Mbegu za mahindi nilizonunua kwa Maeng hazijaota hata moja. Nimemfuata dukani, akanijibu mbele ya wateja: "Uzee huo, Bibi. Umezipanda kichwa chini." Wakacheka! Shamba tupu, baridi ikija nitakula theluji? Ulisema mnatengeneza chumvi inayotambua mbegu iliyokufa. Nitumie. Usinihubirie.

Bibi yako

Daejeon, 28 Mei

Shikamoo Bibi,

Sijambo, na ninakula. Pole kwa shamba. Chumvi hii hapa: pete ya naitrojeni iliyobebeshwa pete tatu za benzini. Tunaanza na unga mwekundu, tunaunyang'anya hidrojeni, unageuka chumvi nyeupe. Mbegu hai ikipumua huirudishia hidrojeni, na wekundu unarudi. Iliyokufa hubaki nyeupe. Loweka mahindi, pasua katikati ya kiini, tumbukiza kwenye maji ya chumvi, funika penye joto. Vaa glavu, hata vidole hugeuka, na wekundu ule hautoki kwa maji, mpaka spiriti. Tafadhali mseme Maeng faragha, ni jirani.

Mjukuu wako

Yeongwol, 21 Juni

Mjukuu wangu,

U mzima? Goti limepona lenyewe. Faragha? Kwani yeye alinicheka faragha? Nimeipenda chumvi yako, haisahau ilichonyang'anywa.

Niliwaita wote ukumbi wa kijiji. Mbegu za dukani kwake zikabaki nyeupe kama meno. Maeng akafoka, "Chumvi ya kitoto! Haigeuki hata iweje!"

Nikamwambia, "Basi lete zile unazopanda mwenyewe."

Jeuri ikamkimbiza nyumbani. Akazipasua kwa mkono wake, akazikoroga kwenye maji ya chumvi kwa vidole vyote. Tukala viazi tukingoja. Kufunua bakuli, kila kiini chekundu kama pilipili. Kisha mama yake Du-sik, mteja wake pia, akasema, "Kumbe hai unapanda wewe, mizoga unatuuzia sisi."

Maeng ameleta gunia la mbegu nzuri, na zimeshachomoza. Ameomba radhi pia. Nimepokea gunia.

Ila vidole vyake, mjukuu wangu! Anasugua kwa sabuni, majivu, mchanga, vyekundu vilevile. Dukani anauza mikono ikiwa mfukoni. Jana kaja kwa upole: "Bibi, mjukuu wako hakukwambia kinachotoa?"

Nikamjibu, "Alisema kitu. Uzee huu, Maeng, nimesahau."

Bibi yako