Chafya ya Harold

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Imebaki wiki moja Mama arudi Bomet, na mwanangu hana jina. La hospitali analo — Ethan, limo kwenye kila karatasi hapa Gaithersburg, Marekani. Lakini jina la ukoo hana. Sisi Wakipsigis mtoto huitiwa wazee waliokufa, mmoja baada ya mwingine, mpaka apige chafya. Akipiga, huyo aliyetajwa ndiye aliyerudi. Mama alikuja kwa kazi hiyo tu. Wiki tano anaita. Ethan anamkodolea macho kama karani wa uhamiaji.

Kawaida kuna ugoro wa kusaidia. Mama aliupitisha uwanja wa ndege wa Dulles ndani ya soksi — shemasi mzima wa kanisa! Nyaguthii akaukuta, akaumwaga chooni. Mke wangu ni nesi wa watoto, tena Mkikuyu. Anasema kwao majina yana foleni yake, na mtoto wa kiume wa kwanza angekuwa na jina la babangu tangu siku ya kwanza, bila kamasi. Sisi, eti, tunacheza bahati nasibu.

Naandika hapa nisichothubutu kusema mezani. Nataka awe Baba. Alikufa 2021, nikamzika kwa simu, betri asilimia tisa. Namtaka arudi, basi. Na Mama ameshaita wazee wote, mpaka yule mwizi wa ng'ombe — lakini Baba hajamwita hata mara moja.

Jumatano, 30 Aprili

Tumejaribu WhatsApp. Shangazi, dada yake Baba, ndiye hasa mwenye kazi ya kuita, ila yuko Bomet na visa alinyimwa. Akaanza vizuri. Mzee wa pili, mtandao ukakwama, akabaki mdomo wazi kwenye kioo. Mama akazima simu. Eti roho haisafiri kwa bando.

Nikamuuliza kwa upole mbona Kimalel haitwi. (Kimalel ndiye Baba.) Akasema ninywe chai, inapoa. Chai ilikuwa bado jikoni, inachemka.

Jumamosi, 3 Mei

Siku gani hii!

Tangu aje, Mama ameona duka la Costco na kanisa tu. Nikasema leo atatembea. Nikawapakia wote, pamoja na binti yangu Anitha wa miaka tisa aliyeng'ang'ania tableti, tukashuka barabara kuu ya 270 mpaka kijiji kimoja chenye kasri karibu na Silver Spring. Kasri la kujifanya. Inasemekana tajiri fulani alitembea Ulaya akarudi na wivu. Lina minara, lina madirisha membamba ya kurushia mishale, na juu ya mnara mmoja mtu ameegesha baiskeli, maana siku hizi ni fleti. Mama akauliza mfalme yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini, kama sisi.

Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi lililaza majeruhi wake humo. Nyuma kuna ukuta wa mawe wenye majina ya vijana wa hapo waliokufa vitani. Sitini hivi. Anitha akauliza kama kuna Wi-Fi.

Sasa, Mama alifundisha darasa la tatu miaka thelathini. Hapiti maandishi bila kuyasoma kwa sauti. Ethan yuko mgongoni, kafungwa na leso. Akaanza juu kushoto, pole pole, kama anaita rejista. Allen, George. Baker, Thomas. Watu wanageuka. Nikamwambia anaweza kusoma kimoyomoyo. Akasema jina halikuchongwa ili linyamaziwe. Ami yake Baba alienda Burma na jeshi la Waingereza, hakurudi, na hakuna jiwe popote lenye jina lake. Basi hawa wenye jiwe wasomwe.

Nikamwacha asome. Akafika mwisho mwisho. Tuttle, Harold.

Chafya.

Si moja. Tatu, mfululizo.

Mama akasimama kidole kikiwa bado kwenye jiwe. Mzungu mmoja mwenye mbwa akapita akasema "Bless you", nikaona kama amegonga muhuri. Nyaguthii akasema ni allergy, tuangalie gari letu lilivyogeuka manjano kwa chavua. Anitha ndiye aliyeuliza kile ambacho sote tulikuwa tunakiwaza: "So he's, like, an old white guy now?" Yaani mtoto sasa ni mzee wa Kizungu?

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alikaa kwenye ngazi za kasri, akamfungua Ethan, akamtazama usoni muda mrefu sana.

Jumapili, 4 Mei

Kila nikimwangalia mwanangu namwona Harold. Nyaguthii anamwita Bwana Tuttle akimbadilisha nepi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — huyu wa miezi mitatu tumpe nini?

Baada ya kanisa Mama alikuwa anapanga sanduku. Nikaingia chumbani kumsaidia, mdomo ukaniponza. Nikamwambia ameweza kusoma wazungu sitini asiowajua, lakini mume wake mmoja amemshinda. Nilisema kwa sauti. Nyaguthii alisikia kutoka jikoni.

Mama akaacha kukunja nguo. Akasema kwao mke hamtaji mumewe, na miaka arobaini na moja hajawahi kumwita Baba kwa jina. Mwanzoni alikuwa "wewe". Nilipozaliwa akawa "Baba Kiplagat". Hata jeneza likishuka, alimlilia Baba Kiplagat. Wa kumtaja kwa jina walikuwa dada zake na machifu. Ulimi wake haujui pa kuanzia.

Nikasema basi ni jambo dogo, ajifunze. Nilidhani nafanya mzaha.

Akanipa mgongo, akasema, "Na nikimwita, asije?"

Nilimkunjia sweta mbili, vibaya, nikatoka. Hasira yangu yote ya wiki sita imeniaibisha. Nilifikiri mimi ndiye ninayemsubiri Baba peke yangu.

Jumatatu, 5 Mei

Maegesho ya Dulles, saa saba mchana. Naandika nimeegemea boneti. Ndege saa tisa na nusu, na foleni ya usalama nasikia imefika mlangoni.

Masanduku nimeshashusha. Nikamfungulia Mama mlango wa nyuma, akakataa kutoka. Akasema tushuke sisi wote. Abaki na mtoto. Nyaguthii akafungua mdomo kusema saa, nikamshika mkono. Mama akavuta mlango, akapandisha na kioo.

Dakika tano sasa. Namwona vizuri. Amemtoa Ethan kwenye kiti chake, amemsimamisha mapajani, pua kwa pua. Kisha midomo ikasogea. Neno moja. Akajishika mdomo kama aliyetukana kanisani.

Ethan hakufanya lolote. Ananyonya kidole.

Nyaguthii ananionyesha saa. Anitha anauliza Gogo, bibi yake, anaongea na nani.

Amesema tena. Mara ya pili. Ya tatu hakujishika mdomo. Mtoto hajapiga chafya, na Mama wala hangoji. Anaita tu. Machozi yanamtoka na anaita, sasa kwa sauti, mpaka namsikia kupitia kioo, Kimalel, Kimalel, we Kimalel, na mimi huku nje naweka kalamu, namwita naye.