Chunusi Anayechana Nywele

Mama Zena,

Utanisamehe mwandiko. Tangu tukuzike kijijini kwetu Mbuchi, Zena amenichukua nikae kwake hapa Kibiti. Moyo umekwisha nguvu. Daktari ananiambia nipumzike, kana kwamba nina kazi nyingine.

Jana alasiri mjukuu wetu Rehema aliweka sinema ya viumbe wa baharini. Kabla haijaanza akaniuliza, "Babu, mchana huu hatutaota mikia?" Tisho lako hilo, wajukuu walipokudai hadithi jua lingali juu. Nikamwambia sinema haihesabiwi.

Nakiri, mke wangu, niliifurahia. Mwanamke nusu samaki anakaa mwambani, anaimba na kuchana nywele, na mabaharia wanazama kwa kumtazama. Nikamkumbuka chunusi wako wa deltani, yule jini wa majini uliyenisimulia tukiwa juu ya dungu tunalinda mpunga usiliwe na nguruwe. Yule hakuwa na sura wala wimbo. Alikuwa na mkono tu, wa kukuvuta mguu. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Nikageukia jikoni, nikaita:

"Mama Zena! Njoo umwone chunusi wa wenzetu, ana kitana!"

Nikakungoja. Wallahi nilikunja miguu upate pa kukaa.

Zena akapunguza sauti ya runinga. Rehema akanishika goti. "Babu, Bibi hayupo."

Siku ya mazishi nilikuwa na watu, na kisomo, na mabega ya kuegemea. Jana ulikufa tena, na hakuna aliyekuja kunipa pole, maana nani angejua?

Hili ndilo nilitaka ulisikie kwangu kabla sijaondoka: kwa kitambo kile ulikuwa hai. Ulikuwa jikoni unaosha vyombo, unanipuuza kama kawaida yako. Sijapata raha kama ile tangu uende, na sikujua kuwa ni raha mpaka mtoto aliponishika goti.

Zena anataka kuifuta sinema. "Inakuumiza, Baba." Nimemkatalia. Leo wataniwekea tena.

Pumzika, Mama Zena, Mola akupanulie kaburi. Nakuahidi, nikiitwa sitang'ang'ania. Ila leo, yule mwanamke akitoa kitana chake, nitageukia jikoni na kukuita. Moyoni tu, wasisikie.

Mumeo