Pumzi Itakayobaki

Mwanangu Yona, kifunguamimba wangu,

Marahaba. Nimeitika kabla hujaniamkia kwa sababu simu yangu hupokei tangu asubuhi. Barua hii anakuletea mkeo Tabitha, anapanda treni ya mchana kuja huko Dar. Isome kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji kesho.

Unakumbuka Gulwe, ulivyokuwa unauza karanga pale stesheni? Siku moja abiria alidondosha kanga yake dirishani, ukaiokota ukaikimbiza treni mpaka ukamfikishia mkononi. Watu wakauliza, "Mtoto wa nani huyu?" Nikasema wa kwangu, na wale ambao hawakuuliza nikawaambia pia.

Nakumbuka na siku baba yako alipofariki. Ulinifuata shambani napalilia mtama. Nikakuuliza, "Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Baba kaamkaje?"

"Salama." Ukanipokea jembe kwanza, ukaliweka begani, ndipo ukasema, "Ila baba ametutoka."

Wazee walikusifu msibani, wakasema mtoto huyu ana adabu, hakumrushia mama yake msiba kama jiwe. Ndivyo tulivyowalea wote. "Nzuri" inatangulia, "ila" inafuata.

Sasa adabu hiyo inanitisha.

Siku ile hospitali, hapa Dodoma, nilikaa pembeni yako. Yule daktari binti alieleza vizuri, hata mimi wa darasa la saba nikaelewa: kansa ya pafu imewahiwa, bado ndogo, inaweza kukatwa. Lakini itaondoka na kipande cha pafu, kwa hiyo lazima wajue kama pumzi itakayobaki itakutosha. Ukapuliza ile mashine, nesi anakupigia kelele, "Puliza, puliza, usiachie baba," mpaka mishipa ikakutoka shingoni. Daktari akasema kipimo kimeangukia katikati, hakikatai wala hakikubali, kwa hiyo ataangalia na unavyoishi nyumbani.

"Ngazi unapanda?"

"Napanda."

"Usingizi?"

"Mzuri."

"Ukitembea, kifua kinasemaje?"

"Salama tu, daktari."

Nami nikadakia, "Huyu alishindana na treni." Akacheka, akageukia kompyuta yake, akaandika. Nilikuona umefungua mdomo tena. Nikadhani unataka kukohoa.

Leo asubuhi Tabitha amekuja hapa Makole kuniaga. Nimemuuliza habari zako, akasema nzuri. Nikaendelea kuchambua mlenda wangu. Ndipo akasema, "Ila mama, tangu mavuno analala amekaa. Akitoka bafuni tu anashika ukuta. Kanikataza nisikwambie."

Mwanangu, niliuacha mlenda hapo hapo, nikachukua simu.

Nimempigia daktari, nimemwambia yote. Akauliza, "Mama, mbona hakusema?"

"Alikuwa hajamaliza," nikamjibu.

Anasema atawapigia wenzake wa huko wakupime upya, wakupandishe ngazi wakikuona kwa macho yao. Akaniambia na jingine, ambalo tangu nilisikie sijakaa chini: mtu anaweza kutoka salama mikononi mwa daktari wa upasuaji, akaja kushindwa na pumzi wodini. Pumzi yako ikiwa haitoshi hawatakata, ipo njia ya kuichoma kansa kwa mionzi. Sijui kama wenzake wamempokelea simu. Hajanipigia tena. Nikimpigia mimi, simu inaita mpaka inakatika, kama yako.

Najua utachukia. Umeshaaga kanisani, umeshaombewa, na mimi mwenyewe nimeitangazia kwaya nzima kwamba mwanangu anaenda kufanyiwa upasuaji mkubwa na mabingwa. Nitawaambia vingine. Sikuzaa mtoto wa kusifiwa kwenye matanga.

Tabitha akifika asikae kukusalimia. Nimemwagiza barua itangulie, salamu zifuate, na kama umeshalala amuonyeshe nesi yeyote atakayemkuta mlangoni.

Basi nuna, baba. Nuna hata mwaka, nisemeshwe na mkeo tu. Anayenuna anavuta pumzi.

Ni mimi mama yako, niliyekusemea.