Kimo cha Nkamba na Bustani Mbili

Uholanzi,
Jumapili baada ya misa

Mayu,

Mwangaluka mama, na shikamoo. Naanza na goti lako kabla ya mengine, maana mdogo wangu Kwandu ameandika kwamba unalikanda kwa maji ya moto asubuhi, kisha unakwenda kupalilia pamba kana kwamba hakuna kilichotokea. Uvimbe umepungua? Na kikohozi cha baba kimemwachia usingizi? Mimi ni mzima. Theluji imeyeyuka, vidole vyangu vimerudi kuwa vidole, na ndiyo maana mwandiko huu unasomeka.

Kwandu, wewe unayeisoma kwa sauti, usiruke mahali. Hata pale utakapoona ninamjibu baba, soma kama nilivyoandika.

Kwa wiki mbili nimekuwa nikijibizana na barua yenu kichwani, nikichekecha udongo maabara, nikifagia madarasa jioni. Leo nimekaa niwajibu kwa karatasi.

Ninachotaka mnakijua. Nataka mwanangu Nkamba aje Juni, shule zikifungwa, Kwandu amsindikize, nimpeleke kwenye bustani ya bembea. Wanaonisomesha hulipa nauli ya mtoto wa mwanafunzi na mtu mmoja wa kumleta, mara moja tu kwa miaka yote ya masomo. Baba ameuliza kama nauli hiyo inaweza kuchukuliwa mkononi ikanunua ng'ombe. Haiwezi. Wanatoa tiketi, hawatoi pesa. Na ameuliza tena, Kwandu ameyaandika maneno yake yalivyo: "Hizo bembea za Wazungu zinazaa?" Nilicheka, mayu, halafu nikaacha kucheka. Mwambie hazizai.

Lakini sikiliza kwa nini nazitaka. Mwaka juzi nilipokuja kuchukua udongo wa utafiti nililala nyumbani siku tisa. Nyumba ilijaa. Mama mdogo alifika na kuku wake kutoka Ngulyati. Wale vijana waliopunguzwa kazi ya kupima pamba ushirika walikuja kuniuliza kama huku kuna kazi za mizani. Wazee walitaka kujua kama ni kweli Wazungu wanalala na mbwa. Nkamba alikuwa na miaka minne. Ulimsukuma mbele ukamwambia, "Msalimie mama yako." Akapiga magoti vizuri, akasema, "Shikamoo shangazi." Watu wakacheka, nawe ukacheka, nami nikacheka. Kisha akakimbia akaingia nyuma ya kitenge chako. Siku tisa, na sikukaa naye peke yetu hata muda wa uji kupoa.

Simlaumu mtu. Nilipomzaa nikiwa chuoni Morogoro, bila mume, baba alisema mbele ya ndugu zake, "Mtoto ni wa nyumba hii," na hakuna aliyefungua mdomo tena. Neno hilo silisahau, na ndilo lililonifikisha hapa. Wewe umemlea. Nikija nyumbani tena nitakuwa mgeni tena, nitachinjiwa, nitasalimiwa, na mtoto atakuwa na kitenge cha kukimbilia. Nataka mahali ambapo mimi na yeye sote ni wageni, mahali penye jambo la kufanya pamoja ili tusilazimike kuzungumza mapema. Huku mahali pa namna hiyo pana uzio na lango, na ndani yake kuna bembea, treni ndogo, mashua za kwenye mfereji na magurudumu ya kupandisha watu juu. Familia huenda wakakaa huko siku kadhaa. Pesa niliyoweka kutokana na kufagia inatosha bustani moja tu, tena kwa kubana, na zilizokuwa mbele yangu ni mbili.

Moja iko Ufaransa. Ni kubwa, ina jumba lenye minara kama lile lililochorwa kwenye fulana ya mtumba uliyomnunulia Nkamba mnadani Dutwa, ile anayolala nayo. Kwa pesa yangu tungepata siku mbili, sisi watatu chumba kimoja, na chakula cha kununua. Ya pili iko hukuhuku Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Ni ndogo, haina jumba. Kwa pesa ileile tungepata siku tano kwenye kibanda cha mbao chenye jiko, tukapika ugali wetu.

Ninakaa nyumba moja na Rehema, dada wa Tanga anayesoma takwimu. Nilimwonyesha vitabu vya picha nilivyopewa na duka linalouza safari. Alikisukuma kile cha bustani ndogo pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mwiba kwenye samaki.

"Limi, mtoto atoke Bariadi, apande ndege usiku kucha, aje kuangalia mashua ya mbao kwenye mfereji?"

"Siku tano, Rehema."

"Hata kumi! Atakachowasimulia wenzake ni nini? Kwamba alikula ugali Ulaya?"

"Huko Ufaransa wanapima watoto kimo langoni," nikamwambia. "Asiyefikia alama hapandi."

"Basi mpime. Kwani hamna futi huko kwenu, mna fimbo za ng'ombe tu?"

Ndipo nilipowaandikia mnipimie Nkamba, nikatia ndani ya bahasha utepe wa fundi cherehani. Na wewe ukajibu kwa mkono wa Kwandu: "Mjukuu wangu hapimwi kwa kamba. Anayepimwa kwa kamba amelala, na kamba inapelekwa kwa wachimbaji." Mayu, nilisoma hayo nimesimama barazani na uso ukanichoma. Nilikuwepo babu alipofariki. Nilimwona baba mkubwa akinyoosha kamba toka utosini hadi kisiginoni, akaifunga fundo, akaibeba kimya kwenda makaburini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na usiku ule sikutaka hata kujinyoosha kitandani. Nimesoma vitabu vingi kiasi cha kusahau jambo nililoliona kwa macho yangu. Nisamehe. Huo utepe mpeni fundi yeyote, au uchomeni.

Sikutaka kukulazimisha. Hata hivyo sikuweza kulipa bila kujua, maana duka hilo likishapokea pesa halirudishi. Nilimwona Nkamba kila nilipofumba macho: amevuka bahari, amefika langoni, mtu mwenye kofia anamwonyesha alama juu ya kichwa chake na kumrudisha nyuma, nami nimesimama hapo bila hata jina analoweza kuniita akilia.

Kisha mkaniletea mstari ule mmoja mwishoni mwa barua iliyofuata: "Ila jana alisimama karibu na baiskeli ya baba, tandiko likamgusa begani. Mayu anasema kusimama karibu na baiskeli si kupimwa." Nani alifikiria hilo? Kama ni wewe, wabeja sana. Kama ni Kwandu, wabeja vilevile. Niliusoma mstari huo mara nyingi kuliko barua yote.

Jumamosi nilimchukua Rehema tukaenda kwa mzee mmoja anayeuza baiskeli kuukuu. Uholanzi nzima inapanda baiskeli, lakini nyingi ni za kisasa na tandiko limepandishwa juu kama kiti cha hakimu. Nilizunguka mpaka nikaona moja nyeusi, nzito, breki za vyuma, ndugu wa ya baba kabisa. Baba alishusha tandiko lake mpaka mwisho tangu aanguke na gunia la pamba akaumia nyonga, kwa hiyo nikamwomba mzee alishushe mpaka mwisho.

"Miguu yako mirefu," akaniambia. "Itakuumiza magoti."

"Sinunui. Napima mtoto."

Akatazama nyuma yangu. "Mtoto yuko wapi?"

"Bariadi."

Rehema alicheka mpaka akashikilia mlango. "Mzee, hawa ndivyo walivyo," akamwambia kwa Kiholanzi chake cha kuungaunga. Kisha akanigeukia. "Na ng'ombe je, Limi? Ng'ombe mnawapima kwa nini, pikipiki?"

"Ng'ombe hatuwapimi. Tunawajua."

Yule mzee hakucheka. Alitoa futi mfukoni, akapima toka sakafuni hadi kwenye tandiko, akaandika kwenye kiganja chake, akaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikamwambia sita. Akaingia ndani akarudi na mjukuu wake, msichana wa miaka hiyohiyo, mdomo umejaa mkate, akapima toka begani kwake hadi utosini. Alijumlisha akanionyesha kiganja: mita moja na sentimita kumi na mbili, ipungue au izidi kidogo. Nilikitazama kile kiganja nikamwona mwanangu amesimama. Mara ya mwisho alikuwa chini ya kiuno changu. Sasa anafika karibu na kifua, na sikuwepo alipokuwa anapanda hapo katikati.

Nilirudi nikasoma kanuni za bustani zote mbili, yale maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho. Kwa kimo hicho, Ufaransa Nkamba angekosa vyombo vingi vikubwa. Vidogo angepanda, lakini ni vya watoto peke yao; wazazi husimama nje ya uzio wakipunga mikono. Nimeshapunga mkono vya kutosha. Kwenye bustani ndogo wameandika kwamba mtoto aliyezidi mita moja na hajafika mita moja na ishirini anaruhusiwa kila chombo, mradi aketi na mzazi wake, kiti kimoja, mkanda mmoja.

Nilimsomea Rehema. Alikivuta kile kitabu cha bustani ndogo akakirudisha mbele yangu. Kisha akasema, "Haya. Nenda kalipe kabla sijakushauri tena."

Nimelipa. Siku tano, kibanda cha mbao, kuanzia Jumatatu ya pili ya Juni. Kwandu, wewe utakuwa mpishi asubuhi na mwenye kulala mchana. Ukijifanya unataka kuja nasi kwenye kila bembea tutagombana, nakuambia mapema. Siku ya tano ni yako, panda chochote.

Kuna jambo linaloniuma na sitaki kulificha. Nkamba anataka lile jumba la kwenye fulana. Aliniuliza katika barua iliyopita, "Nyumba hii iko wapi?" Hatutakwenda huko. Mwambieni sasa, wakati bado ana watu wake wa kulilia, asije akapanda ndege akiwa na picha nyingine kichwani. Mwambieni kuna mashua, kuna treni, na gurudumu kubwa ambalo ukifika juu unaona nchi mbili. Akikasirika mwacheni akasirike. Na msimfundishe maneno ya kuniambia akifika. Hata neno moja. Akikaa kimya siku zote tano nitakaa naye kimya, bega kwa bega.

Sasa nazungumza na baba. Baba, shikamoo. Kwa maandishi wewe ndiye mlezi wa Nkamba, na hiyo karatasi ya njano niliyoiambatisha ni ya ruhusa; bila sahihi yako juu yake mtoto havuki hata Mwanza. Najua unaona ni anasa. Najua msimu uliopita wanunuzi wa pamba walikuja wengi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na hukujua yupi aliyekuibia zaidi. Si wakati mtu mzima anapenda kusikia habari za bembea. Habari ya pesa ya mavuno ya mwakani nitaizungumza nawe tukiwa tumekaa, nitakaporudi na cheti, na kama ni ng'ombe tutanunua ng'ombe. Lakini hii siigeuzi. Hukuniuliza mtoto anazaa nini ulipompokea mikononi akiwa amefungwa kanga ya hospitali. Ulimtaja kuwa wa nyumba hii, mimi nikaenda kusoma. Naomba siku tano za kuwa mama yake. Tia sahihi mahali nilipoweka alama ya msalaba, jina kamili, na Kwandu aipeleke posta Bariadi mwenyewe. Asimpe mtu wa basi.

Nisalimieni mama mdogo wa Ngulyati, mwambieni kuku wake nilimla na ninamkumbuka. Mjomba wa Kimali, akija na ng'ombe mnadani, mpeni salamu zangu na mwambieni kijana wake aandike anwani yangu vizuri, barua yake ilifika Ubelgiji kwanza. Katekista aliyenifundisha herufi kwa mkaa ukutani msalimieni kwa heshima. Jirani yetu muuza maandazi aniwekee moja kila Jumapili ale Nkamba, nitalipa.

Mayu, paka goti mafuta na umwachie Kwandu mistari miwili ya pamba. Nimeshalilipa lile duka la safari na halirudishi pesa, nilijua hivyo nilipokuwa naitoa. Karatasi ya njano naingojea.

Ni mimi,
Limi, mama yake Nkamba