Kwa Paluku Anselme, Aliyeanzisha Ensiklopedia ya Kinande

Mwaka umezunguka, Anselme, tangu ututoke, na mama yako bado hajawaamini wale watu wa mtandaoni. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Ulikuwa mpole. Ulisalimia hata wapakiaji waliokutukana. Chai yako uliinywa imepoa kila siku, kwa kuwa macho yalikuwa kwenye simu. Ulifungua depo yetu ya maharage na mafuta, ukapanga magunia, na kila nafasi uliyoipata uliandika: namna ya kupanda maharage kwenye mteremko, majina ya vilima vya Lubero, kwetu kaskazini, jinsi bibi alivyosonga ugali wa muhogo. Yote kwa Kinande, lugha yetu, kwenye ensiklopedia ya mtandaoni uliyoianzisha kwenye tovuti ya wageni wa mbali, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuongeza anachokijua.

Mama yako alishuku tangu siku ya kwanza. Mtu akupe kazi bila mshahara, halafu akupongeze?

"Anselme, bale bantu banatafuta nini kwetu?"

"Hakuna kitu, maman. Iko kazi ya bure, lakini iko yetu."

"Ya bure haiko. Kuko mwenye kulipa."

Wakati ule Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi. Ndugu zetu wa kaskazini walikuwa njiani wakikimbia, na wengine hadi leo hatujui walifikia wapi. Hapa Lubumbashi kijana mwenye jina la kaskazini alitazamwa mara mbili. Hata kwenye kyaghanda, kikao chetu Wanande wa hapa mjini, papa mmoja alisimama akauliza nani amekuruhusu kuwaonyesha wageni majina ya vilima wakati wa vita.

Ulimjibu taratibu: "Papa, bantu banakimbia na magodoro. Maneno inakimbia na nani?"

Papa aliketi. Hakuna aliyekupigia makofi.

Kisha yakaja yale ya majina. Kwetu mvulana wa kwanza ni Paluku, azaliwe Butembo kule kaskazini au Makomeno hapa mjini. Wewe Paluku, binamu yako Merdi Paluku, Adalbert dereva wetu Paluku. Mlipojiandikisha nyote watatu ili muandike, mliona aibu kuingia kwenye kitabu cha Kinande na majina ya ubatizo. Mkaandika Paluku tu, na mashine ikawaongezea namba. Tena wote mlitumia mtandao mmoja, wa depo. Wakaguzi wa ile tovuti, huko mbali, wakaona akina Paluku wanatokea mlango mmoja, wakasema huyu ni mtu mmoja anayejifanya watatu. Wakawafungia. Msipothibitisha kwamba mko watatu, wakasema, kurasa zote zitafutwa. Wakaomba picha zenu na kadi za mpiga kura, ambazo kwetu ndizo vitambulisho.

Mama alikataa, na hata leo angekataa. Kadi ya mtoto wake haitoki nyumbani kwenda kwa mtu asiye na sura.

"Kama banataka kubaona, babaone bote mara moja. Na bao pia baonyeshe sura!"

Ukawaandikia hivyo, wakakubali kupiga simu ya video.

Siku ilipofika ulikuwa umelazwa, malaria imekupanda kichwani. Merdi alitaka waahirishe. "Hapana," ulisema, "batatufutia kurasa yote." Basi wewe kitandani na dripu ya serumu mkononi, wao wawili kati ya magunia, mkazungumza Kinande, mkakatizana, mkabishana kuhusu mto fulani kama mko sokoni. Yule mwanamke aliyekuwa akiwakagua akaanza kutabasamu. Mama yako akaingiza kichwa chake kando ya mto wako wa kulalia.

"Na weye, madame? Jina yako nani? Sogea kwenye mwangaza, tukuone."

"Maman, achia ule muntu!"

Ulicheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza.

Jibu lilifika tukiwa kwenye matanga yako. Merdi alilisoma kwa sauti: akaunti zimefunguliwa, kurasa zitabaki. Watu wakalia upya.

Siku hizi mama hufungua kurasa zako kabla ya kufungua depo, aone nani amegusa nini. Mwezi uliopita alimkuta mgeni, anaitwa Katungu, ameongeza chemchemi mbili kwenye ukurasa wa kilima cha bibi. Mama akamwandikia kwa Kinande: wewe ni mtoto wa nani? Akajibu kwamba yuko Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, akamtaja baba yake na njia ya kwenda kwao. Mama hakuridhika. Alimpigia shangazi yako. Shangazi akasema chemchemi zipo, na yule baba alikuwa jirani.

Ndipo msichana akauliza: aliyeanzisha ukurasa huu yuko wapi? Nataka kumshukuru.

Mama alikaa na simu, wateja wakimwita. Mwisho akaandika: "Hayupo. Wewe endelea."

Anaendelea. Tunamwangalia.

Mama yako Madeleine, baba yako Kasereka, dada zako Graciella na Séphora, pamoja na Merdi na Adalbert: kukusahau hatujui, wala hatutajifunza.