Ndiyo za Kwaya

Jumamosi

Eti kwaya nzima imesema ndiyo! Rafiki yangu Fidèle aliwauliza kanisani, baada ya misa, kama wataagiza samaki wakavu kwa simu, sisi wawili tuwapelekee nyumbani. Nani atamkatalia mwimbaji mwenzake karibu na altare? Kwa ndiyo hizo anataka niache kazi yangu ya biro, ya ofisini, Jumatatu.

Leo nimemkuta mke wake sokoni, ameinamia kikapu, ananusa samaki mmoja mmoja.

"Mama Grâce, mbona hukuagiza kwa simu ya bwana yako?"

Akacheka. "Shemeji, ile simu iko na pua?"

Biashara imemfia Fidèle nyumbani mwake, naye bado anachora nembo.

Siachi kazi. Ila naogopa hasira zake. Kesho nitamwambia baada ya misa, kwaya yote ikiwapo. Pale hata yeye atasema ndiyo.