Springi Alizozipanga Mama Yako

Dukani kwa Ogle,
Wajir.
9 Agosti 1953

Mpendwa abti wangu Noordin, mwana wa dada yangu,

Asalaam aleikum warahmatullah. U hali gani huko Mombasa, na mwili umeshalizoea jasho la pwani? Unakula vizuri? Kazi ya bandarini haijakuvunja mgongo? Sisi tu wazima, na mama yako yu hai na anaendelea kupata nafuu. Hilo nimeliandika mapema ili usiruke mistari ukilitafuta.

Lugha yetu haiandikwi, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili nilichokiokota jeshini nilipokuwa dereva wa lori. Ukikuta makosa, cheka, lakini usiache kusoma. Nimeona jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nabaki mdomo wazi.

Mwezi uliopita tulihama kisima. Mama yako alikuwa akipakia ngamia, kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana. Ngamia dume mmoja akainuka kabla kamba hazijafungwa, akamwangusha na kumkanyaga paja. Mfupa ukavunjika. Tulimwita Godana, yule Mborana anayeunga mifupa, ambaye hajawahi kuukataa mguu wa mtu. Safari hii aliukataa. Alimfunga vijiti, kisha akanivuta kando akaniambia mfupa umepandana, na mama yako asipofika hospitali ya Wajir hatasimama tena, na huenda hata tukamkosa.

Unalijua gari langu, lile kuukuu la mwili wa mbao nililonunua kwa Mwarabu. Ni mkubwa wako kwa umri. Springi zake za mbele zilikuwa zimelala kabisa. Tulimlaza mama yako nyuma tukaondoka Hadado kuelekea Griftu, lakini hata korongo la kwanza hatukulivuka. Kila shimo chuma kiligonga chuma. Alikuwa ameuma shuka yake asipige kelele, kisha akazimia. Godana aliyekuwa amemshika akapiga ubao kwa kiganja.

"Rudi, Gelle! Ukimtikisa hivi mpaka Wajir, utafikisha maiti."

Nikarudi. Abti, nililia juu ya usukani, na ndevu zangu hizi.

Lori la serikali lilikuwa limeshapita, na mpaka lirudi ni mwezi mzima. Nikasema, basi, mimi si fundi? Karibu na Griftu kuna lile lori la jeshi lililokufa wakati wa vita na Mtaliani. Nilikwenda na ngamia wawili, nikalivua springi zake za mbele, nikarudi nazo. Nililiinua gari mbele ya nyumba kwa gogo na mawe, nikafungua bolti zilizokuwa hazijaguswa tangu lilipotoka kiwandani, nikayachomeka yale mabapa manene ya chuma ya springi za lori juu ya mabapa yangu membamba. Kisha nikafanya ujanja wa kwetu. Nilichukua ngozi mbichi ya ngamia, nikailoweka, nikaizungusha juu ya springi nzima kutoka ncha hadi ncha, kama tunavyofunga chombo cha mbao kilichopasuka. Siku mbili za jua ikakauka. Nikaigonga kwa nyundo, nyundo ikaruka. Hapo nikajiona bingwa wa wilaya.

Kabla ya kumpakia, mke wangu Shamis aliweka bakuli la maziwa, limejaa pomoni, mahali atakapolala mgonjwa, akaketi kando yake. Nilizunguka kisima mara moja tu. Niliposimama, maziwa yote yalikuwa kwenye kitambaa cha Shamis, na mke wangu alikuwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Gari lilikuwa baya kuliko kwanza.

Niliutupa ufunguo wa bolti nikaketi chini. Nilikuwa nimekwisha. Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, ya mtu niliyedhani amelala.

"Walaal, ndugu yangu, nani amekufundisha kufunga mzigo?"

Kumbe siku zote hizo mama yako alikuwa akinitazama kupitia mlangoni. Nilimjibu kwa ukali, Mungu anisamehe, kwamba hii ni springi, si mzigo. Akasema niburute mkeka wake mpaka kwenye gurudumu. Tulimburuta, mimi na Shamis, pole pole. Akanyoosha mkono akaipapasa ile ngozi iliyokauka.

"Umeyafunga yote, hata moja halichezi. Ngamia akitembea, mzigo unatembea naye. Ukiubana kabisa, unamvunja mgongo. Toa hii."

Abti, mimi nimeendesha malori mpaka Habeshi, na hakuna ofisa aliyenieleza springi kwa maneno machache namna ile. Nilikata ngozi yote. Akanitolesha mabapa mazito ya lori, akabakiza matatu ya lori yaliyo membamba, akayapanga mwenyewe akiwa amelala, refu chini ya refu zaidi, namna anavyopanga mikeka ya mgongo wa ngamia ili kila mmoja uibebe mingine. Akaamuru kila bapa lipakwe mafuta ya mkia wa kondoo, liteleze. Ngozi ikaruhusiwa karibu na ncha tu. Mwisho akasema gari likitoka shimoni linarusha kichwa juu, lifungwe mshipi. Tukakata mikanda miwili ya ngozi, tukaifunga kutoka ekseli hadi kwenye fremu, imelegea kiasi alichokipima kwa vidole vyake. Alifanya yote hayo jasho la maumivu likimtiririka, na kila nilipotaka kupumzika alinisuta.

Shamis akajaza bakuli tena, ila safari hii aliketi mbali nalo. Yalimwagika labda matone ya kulowesha ukucha. Sikuamini. Nilishuka, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikayatazama yale mabapa yakipumua. Subhanallah.

Tuliondoka alfajiri. Korongo la kwanza tukavuka, la pili tukavuka. Baada ya Griftu nikagundua kwamba nyuma kuko kimya kabisa, hakuna hata mguno. Nikasimamisha gari katikati ya njia, nikazunguka nyuma mbio, kwa maana niliamini dada yangu ameniacha. Alikuwa amelala usingizi, abti! Usingizi wa mtu mzima aliyeshiba, wa kwanza tangu avunjike. Akafungua jicho moja.

"Umesimama kwa nini? Jua linapanda."

Daktari ameunyoosha mguu na kuuning'iniza kwa kamba na uzito. Atalala hivyo wiki nyingi, kisha atatembea na mkongojo, na baadaye bila mkongojo, inshallah. Kamba zenyewe mama yako ameshazikosoa, na dresa, yule msaidizi wa daktari afungaye vidonda, amefunga fundo moja upya.

Miaka hamsini nimekuwa ndugu yake, na sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu kazi yake. Nilidhani ni kamba tu na mikeka. Naona haya kukuandikia hili, lakini ni wewe mwanawe, na ni haki yako kulijua.

Nisalimie rafiki yako Bare na wote wa nyumba mnayokaa. Shamis, Godana na shangazi yako Rukiyo wanakusalimu sana. Mola akulinde baharini na nchi kavu, akukutanishe na mama yako akiwa amesimama.

Nilisahau moja. Siku tuliyofika, dresa, mtu wa bara, alilizunguka gari, akachungulia magurudumu ya mbele, akaita wenzake waje waone. Akaniuliza, "Mzee, fundi wa gari hii ni nani?" Wewe wanijua ninavyopenda sifa. Nilimshika mkono, nikampeleka ndani mpaka kitandani kwa mama yako.

Ni mimi mjomba na abti wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Gelle